Lumbesa, jeki ya kiwandani na hasara ya mkulima

Mfanyabiashara wa mazao anapokodi lori, kwa kawaida huuliza mambo matatu: bei ya safari, uwezo wa gari na saa ya kufika sokoni. Ni nadra kumsikia akiuliza jambo la nne, ambalo linaweza kuamua kama mzigo wake utafika ukiwa na thamani au utafika ukiwa wa kutupwa. Jambo lenyewe ni hili: tairi likipasuka njiani, je, lori hili lina jeki inayoweza kuliinua likiwa na mzigo wote huu?

Wengi huliona swali hilo kuwa la dereva na utingo wake. Mwenye gunia huamini kwamba lori limetoka kiwandani likiwa na jeki yake, na kwamba kiwanda kilichounda gari hakiwezi kukosea kuunda kifaa cha kuliinua. Imani hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini imewagharimu wakulima na wachuuzi fedha nyingi, kwa sababu lori linalopakiwa shambani mara nyingi si lori lile ambalo kiwanda kililifikiria.

Lembeni ni mahali pazuri pa kulitazamia suala hili. Ipo kando ya barabara kuu itokayo Segera kwenda Himo na Moshi, kati ya miji ya Same na Mwanga. Upande mmoja imesimama milima ya Upare, na upande mwingine kuna tambarare kavu inayoshuka kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Tangawizi ya Mamba Miamba inayokwenda Moshi, Arusha au mpakani Holili lazima ipite hapa. Mchele wa Ndungu unaopelekwa kaskazini hupita hapa, na maharage na ndizi za Usangi na Ugweno zinazoshushwa Mwanga kwenda Dar es Salaam hupita hapa pia. Kuanzia hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 450, na sehemu kubwa ya njia hiyo hupita katika nyanda zenye joto kali.

Joto, mwendo na uzito ni maadui watatu wa tairi. Tairi lililobebeshwa kupita kipimo, au lenye upepo pungufu, hujikunja zaidi kila linapozunguka, na kujikunja huko huzalisha joto ndani ya mpira hadi nyuzi zake zikaachia. Madhara yake si hadithi. Juni 28, 2025, katika eneo la Sabasaba wilayani Same, basi na Coaster viligongana na kuteketea kwa moto. Taarifa za awali za Serikali zilitaja vifo vya watu 38, na chanzo kilielezwa kuwa ni kupasuka kwa tairi la mbele la basi. Ajali ile haikuhusu jeki. Inatajwa hapa kukumbusha kwamba katika barabara hii tairi linaweza kupasuka wakati wowote, na kwamba anayesafirisha mzigo bila kujiandaa kwa jambo hilo anacheza bahati nasibu.

Jeki ya kiwandani imepimwa kwa lori lipi?

Jeki zinazokuja na malori mengi ni zile za mafuta zenye umbo la chupa. Kanuni yake ni ya zamani. Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kugandamiza kwa nguvu ya maji mwaka 1795, na mwaka 1851 Richard Dudgeon wa New York akapata hataza ya jeki ya kubebeka inayofuata kanuni hiyo hiyo. Utingo anapopampu, pistoni ndogo husukuma mafuta kupitia vali hadi chini ya pistoni kubwa. Kwa kuwa pistoni kubwa ina eneo pana zaidi, nguvu ndogo ya mkono hugeuka kuwa nguvu ya kuinua tani kadhaa.

Kifaa hiki ni imara na hakina mambo mengi. Kikitunzwa, hudumu miaka mingi. Tatizo ni kwamba kiwanda hukichagua kwa kuzingatia masharti manne: lori limebeba uzito ulioandikwa kwenye kibao chake, limesimama mahali pa tambarare, ardhi ni ngumu, na mwili wa gari haujabadilishwa. Masharti hayo yote yakitimia, jeki ya kiwandani hufanya kazi yake vizuri. Likivunjwa moja, bado huenda ikamudu. Yakivunjwa mawili au matatu kwa pamoja, lawama zisielekezwe kiwandani.

Katika mazingira ya Tanzania masharti hayo huvunjwa kila siku. Malori mengi yanayobeba mazao yaliingizwa nchini yakiwa yametumika. Si ajabu lori la namna hiyo kuwa na jeki iliyotoka katika gari jingine dogo zaidi, kwa sababu ile ya asili ilipotea zamani. Yapo malori yaliyoongezewa springi, yaliyorefushwa chasisi au kuwekewa bodi ya juu ili yameze mzigo zaidi. Yapo matrela ambayo hayakutoka kiwanda kimoja na kichwa kinachoyavuta, hivyo jeki iliyo ndani ya kichwa haikuwahi kupimwa kwa ajili yake. Katika hali hizo zote, neno "jeki ya kiwandani" halimaanishi chochote cha maana kwa mwenye mzigo.

Hesabu ya lumbesa

Hapa ndipo mkulima na mchuuzi wanapoingia katika lawama. Kwa miaka mingi kilio cha lumbesa kimesikika kwa upande mmoja tu: mnunuzi anamnyonya mkulima kwa kujaza gunia kupita kilo 100 na kulipa bei ya gunia moja. Kilio hicho ni cha haki, na ndiyo sababu Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita ufungashaji huo. Lakini lumbesa ina madhara mengine yasiyosemwa. Mzigo uliodanganya kipimo shambani hudanganya pia kipimo cha lori.

Chukua hesabu ya mfano. Lori dogo limeundwa kubeba tani 3.5, yaani magunia 35 ya kilo 100. Ekseli ya nyuma ya lori hilo, pamoja na uzito wake lenyewe, inaweza kubeba takriban tani 4.5. Likipata pancha nyuma, jeki itainua upande mmoja, yaani kama tani 2.25. Jeki ya tani 4 itaifanya kazi hiyo ikiwa imetumia zaidi kidogo ya nusu ya nguvu zake.

Sasa lori hilo hilo lipakiwe magunia 50 ya lumbesa, kila moja kilo 130. Huo ni mzigo wa tani 6.5, karibu mara mbili ya kiwango cha kiwanda. Ekseli ya nyuma sasa inabeba zaidi ya tani 7, na upande mmoja unapita tani 3.5. Jeki ile ile ya tani 4 inatakiwa kutumia karibu asilimia 90 ya uwezo wake, na hapo ni kama bado mpya, imesimama wima na barabara haina mwinamo. Gari likiwa limeinama kidogo kuelekea upande wenye pancha, uzito huhamia huko huko. Aidha, kadiri jeki inavyosogezwa mbali na gurudumu kuelekea katikati ya ekseli, ndivyo inavyobeba zaidi. Tani 4 zinafikiwa na kupitwa kabla utingo hajatokwa jasho.

Dalili ya kwanza ya jeki iliyozidiwa inajulikana na kila utingo: mpini wa kawaida hautoshi, linatafutwa bomba refu la kuongezea. Mpini wa kiwandani una urefu wake kwa sababu. Mtu wa kawaida akiutumia na bado jeki haipandi, ni kwamba mzigo umezidi au jeki ni mbovu. Bomba la kuongezea haliondoi tatizo hilo. Linalazimisha mafuta kupita kwa shinikizo ambalo sili hazikuundwa kulihimili, na sili zikikatika lori hushuka lenyewe.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na tani 8 kwa ekseli ya usukani. Mizani ya Njia Panda ya Himo husimamia vipimo hivyo. Hata hivyo, mizani hupima kile ambacho barabara inaweza kuvumilia. Lori dogo la mfano uliotolewa hapo juu linaweza kupita mizani bila faini, kwa kuwa tani 7 ziko chini ya 10, huku likiwa limekwisha kuizidi jeki yake, springi zake na matairi yake. Kwa hiyo risiti ya mizani isichukuliwe kuwa cheti cha usalama wa safari.

Ardhi nayo huamua

Jambo la pili ni mahali jeki inapokaa. Tako la jeki ya ukubwa wa kati linaweza kuwa na upana wa sentimita 12 kwa 12. Likibeba tani 5, kila sentimita moja ya mraba ya ardhi iliyo chini yake inagandamizwa kwa uzito wa kilo 35 hivi. Hakuna bega la barabara la udongo linaloweza kustahimili hayo bila kudidimia. Hata lami, jua likiwa la utosini, hulainika kiasi cha kulimeza tako hilo polepole.

Dawa yake ni rahisi. Kipande cha mbao ngumu cha sentimita 40 kwa 40, kilicho kinene vya kutosha kutopasuka, hupunguza mgandamizo huo hadi kilo 3 hivi kwa sentimita ya mraba, yaani mara 11 pungufu. Kipande hicho hakiji na lori kutoka kiwandani. Fundi seremala yeyote wa Same au Mwanga anaweza kukikata. Malori mengi hayanacho, na badala yake utingo huokota jiwe. Jiwe halina uso ulio sawa. Jeki iliyokaa juu yake huanza kuinama, na jeki ya chupa iliyoinama haiinui tena bali hupinda pistoni au kuchomoka.

Yapo pia malalamiko kwamba jeki "haiingii". Matairi yote mawili ya upande mmoja wa nyuma yakiisha upepo, ekseli hushuka hadi nafasi iliyobaki chini yake ikawa ndogo kuliko urefu wa jeki iliyofungwa. Jeki inaweza kuwa nzima na yenye tani za kutosha, lakini haina pa kuingia. Madereva wazoefu hukwepa hali hiyo kwa kulipandisha tairi la ndani juu ya ubao ili la nje lining'inie, au kwa kupandisha gurudumu zima juu ya kigogo kabla ya kuingiza jeki. Ujuzi huo hauandikwi popote katika leseni.

Lililo la hatari kuliko yote ni utingo kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Gari likishapanda, linatakiwa lipumzishwe juu ya stendi ya chuma au vigogo vilivyopangwa vizuri, huku magurudumu mengine yamewekewa vizuizi. Vijana wanaofanya kazi hii mara nyingi hulipwa kwa safari, hawana mikataba, na akiumia mmoja wao familia yake ndiyo hubeba mzigo. Biashara ya mazao isiyohesabu gharama hiyo inajidanganya katika faida yake.

Hasara humwangukia nani?

Kiuchumi, jambo la kujiuliza ni nani anayelipa jeki inaposhindwa. Mwenye lori hulipia tairi na hupoteza muda. Mwenye mzigo hupoteza zaidi, na hapo ndipo palipo na kasoro kubwa: yule mwenye uwezo wa kununua jeki nzuri siye anayepata hasara kubwa jeki ikiwa mbaya. Katika hali hiyo, mwenye lori hana msukumo wa kutosha wa kununua kifaa bora, na mwenye mzigo hana mamlaka juu ya kifaa hicho.

Hasara ya mwenye mzigo huja kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuharibika. Nyanya na ndizi zilizofunikwa turubai katika jua la Lembeni kwa nusu siku haziwezi kuwa zile zilizopakiwa alfajiri, na tangawizi mbichi hupoteza maji na uzito. Ya pili ni bei. Masoko makubwa ya mazao huwa na bei nzuri alfajiri, wanunuzi wa rejareja wanapofika. Lori linaloingia mchana hukuta wanunuzi wamekwisha ondoka, na madalali wanajua kwamba mzigo hauwezi kusubiri. Ya tatu ni gharama za barabarani: kukodi jeki, kulipa vibarua wa kushusha na kupakia upya, na kulipa mlinzi wa usiku.

Chukua tena hesabu ya mfano. Mfanyabiashara ana magunia 100, na kwa kuchelewa bei inashuka kwa Sh5,000 kila gunia. Amepoteza Sh500,000 kabla ya kuhesabu kilichooza. Ikiwa anafanya safari 40 kwa msimu na mbili kati ya hizo zikakwama kwa sababu ya jeki, hasara ni Sh1,000,000. Hata kama jeki nzuri ya pili, mbao zake na stendi mbili vingegharimu Sh400,000, vingerudisha fedha hiyo kabla ya msimu kwisha, na vingedumu misimu mingi. Kila mfanyabiashara anaweza kuweka takwimu zake mwenyewe katika hesabu hii. Wengi watakuta jibu halibadiliki.

Bima isitegemewe kuziba pengo hilo. Bima ndogo ya lazima hulinda watu wengine wanaodhurika na gari, na hata bima ya mizigo kwa kawaida haifidii hasara inayotokana na kuchelewa. Mwenye mzigo amebaki peke yake na gunia lake.

Hoja za wasafirishaji

Wenye malori wana hoja zao na zinastahili kusikilizwa. Wanasema jeki nzuri huibwa, na nyingine huuzwa na madereva wenyewe. Ni kweli kwamba hilo hutokea. Lakini tatizo la wizi hutatuliwa kwa daftari na kufuli. Jeki iandikwe namba ya gari kwa rangi, iwekwe katika sanduku linalofungwa, na dereva aipokee na kuirudisha kwa saini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Hoja ya pili ni kwamba mafundi wa matairi wapo Same, Lembeni na Mwanga, wenye jeki kubwa. Wapo, na kazi yao ni ya maana. Lakini tairi haliulizi mahali pa kupasukia. Likipasuka saa 8 za usiku kati ya mji na mji, fundi atafuatwa kwa pikipiki, na bei yake itapangwa na mtu anayejua kwamba nyanya zinaiva kwenye turubai. Hakuna mnunuzi dhaifu kama yule asiyeweza kuondoka.

Hoja ya tatu ni udugu wa barabarani. Madereva wa Tanzania husaidiana, na malori mengi yameokolewa kwa jeki ya lori lililokuwa likipita. Desturi hiyo njema isife. Hata hivyo, inasimamisha mizigo miwili badala ya mmoja, na jeki ya kuazima nayo haijapimwa kwa lori linaloazima. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, lori lililokwama gizani kwa saa nyingi likiwa limewekewa matawi tu ni hatari kubwa kuliko zamani.

Wapo hatimaye wanaosema kwamba kiwanda kiliona jeki hiyo inatosha. Jibu lake ni fupi: basi mzigo nao uwe ule uliotajwa na kiwanda. Haiwezekani kuheshimu kibao cha jeki na kudharau kibao cha lori.

Nini kifanyike

Hatua ya kwanza iko mikononi mwa mwenye mzigo na haina gharama. Kabla lori halijaondoka mahali pa kupakilia, jeki ijaribiwe gari likiwa limejaa, si likiwa tupu. Gari lisimame mahali tambarare na pagumu, magurudumu yawekewe vizuizi, na mtu yeyote asiingie chini. Gurudumu moja la nyuma liinuliwe, kisha jeki iachwe kwa dakika 10 ikiwa imewekewa alama ya chaki pistoni inapoishia. Ikishuka, vali au sili imekufa. Ikihitaji bomba la kuongezea, mzigo umezidi uwezo wake. Katika hali zote mbili safari isubiri jeki nyingine, au magunia yapunguzwe. Dakika hizo 10 shambani ni nafuu kuliko saa 10 barabarani.

Pili, ununuzi uwe wa macho. Namba ya tani iliyobandikwa kwenye jeki si ushahidi wa kutosha. Jeki inayodai tani 20 lakini ina uzito na unene wa ile ya tani 5 itiliwe shaka, na muuzaji atakiwe kutoa risiti yenye jina la duka. Shirika la Viwango Tanzania limekuwa na utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja nchini tangu mwaka 2012, na Tume ya Ushindani ina jukumu la kupambana na bidhaa bandia. Vyombo hivyo haviwezi kumfikia muuzaji ambaye mnunuzi hana hata karatasi inayomtaja. Kwa lori la mazao, busara ni kuchagua jeki yenye uwezo wa angalau mara mbili ya uzito wa upande mmoja wa ekseli iliyojaa.

Tatu, matunzo. Jeki ya chupa ihifadhiwe ikiwa imesimama, pistoni ikiwa imeshushwa yote ili isipate vumbi na kutu. Iongezwe mafuta yake ya haidroliki tu. Mafuta ya breki huvimbisha na kuharibu sili za jeki nyingi, na oili chakavu ya injini huingiza uchafu kwenye vali. Makosa haya mawili huua jeki nyingi zinazosemekana kuwa "za kiwanda kibovu".

Nne, makubaliano yawe ya maandishi. Karatasi moja inatosha: namba ya gari, idadi na uzito wa magunia, saa ya kufika, vifaa vilivyokaguliwa (jeki, mbao, spana ya magurudumu, tairi la akiba lenye upepo, pembetatu za tahadhari), na kifungu kinachosema kwamba kuchelewa kutokana na kukosekana kwa vifaa hivyo ni juu ya mwenye lori. Kwa upande mwingine, mwenye mzigo aliyedanganya uzito wa magunia naye abebe hasara yake. Karatasi hiyo humpa mwenye lori sababu ya kununua jeki nzuri, na humpa mwenye mzigo sababu ya kuachana na lumbesa.

Vyama vya ushirika na vikundi vya wakulima wa Upare vinaweza kulifanya hili kwa urahisi kuliko mtu mmoja mmoja. Chama kinachokodi malori kwa msimu mzima kina nguvu ya kusema kwamba lori lisilo na vifaa halipakii. Kinaweza pia kununua jeki mbili kubwa na stendi zake, kikazikabidhi kwa dereva kwa saini na kuzipokea mzigo ukishafika. Fedha yake ni ndogo ikigawanywa kwa kila gunia.

Tano, Serikali. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini hutoa leseni za magari ya mizigo, na askari wa usalama barabarani hukagua magari hayo. Ukaguzi wa jeki usiishie kuona kama ipo. Mkaguzi asome tani zake, azilinganishe na kibao cha lori, na aone ikiinua. Wakala wa Vipimo nao uhamishie sehemu ya nguvu zake kule magunia yanakofungwa, kwa sababu gunia la kilo 130 likishafika barabarani limekwisha fanya madhara yake, kwa mkulima aliyelipwa pungufu na kwa utingo atakayelala chini yake.

Msimu wa mavuno hauko mbali na kila mchuuzi atarudi kutafuta gari. Atakayeulizia jeki kabla ya kuulizia bei huenda akaonekana msumbufu mbele ya dereva. Avumilie usumbufu huo, aombe lori liinuliwe likiwa na mzigo, na likishindwa atafute jingine.